Maoni Yangu Kuhusu Wahunzi, Mwisho wa Septemba

Michezo mia moja sitini na miwili,
na tisini na saba tumefungwa.
Si mimi nisemaye, ni ubao,
ule ubao wenye taa zilizoungua upande wa wageni
hata nane yao husomeka tatu.

Basi nisikilizeni, nyinyi mnaokaa
kwenye vyumba vya vioo juu ya kituo cha tatu
mkila kamba wa kukaanga na kuhesabu viingilio.
Mimi ni mtunza boila wa shule ya Mtaa wa Halloran.
Kiti changu kiko safu ya ishirini na sita, nyuma ya nguzo.
Naona nusu uwanja,
na nusu hiyo imenitosha kuwajua.

Mrushaji wenu mkuu, Thaddeus Kroll.
Mkono wa dhahabu, mnatuambia.
Dhahabu hiyo huyeyuka kila awamu ya sita.
Huanza kutazama mawingu ya ziwani
kama mtu aliyekumbuka kuwa kaacha jiko likiwaka,
nami hapo humwambia jirani yangu Odell: amtoe.
Kocha humwacha.
Mpira unaofuata uko ng'ambo ya ukuta, uko maegeshoni,
na kioo cha gari la mtu ndicho kimelipa.
Wahunzi gani hawa wanaoogopa moto?

Kituo cha kwanza mmemweka Brannigan,
ambaye hajainama tangu Aprili.

Cabrales ndiye aliyekuwa mchezaji.
Mpira ukichapwa chini, ukaruka kichurachura,
yeye kashafika, kaushika kwa mkono mtupu,
kageuka hewani, kautupa,
na mkimbiaji kashusha mabega, kakubali.
Mkamuuza Julai.
Mkamuuza kwa vijana watatu
ambao majina yao hata mtangazaji wa redio
huyameza kama kwinini.
"Tunajenga," mkasema.
Mnajenga tangu nikiwa na nywele.
Asiyeziba ufa hujenga ukuta, sawa;
aliyeng'oa mlango akauuza, yeye hujenga nini?

Sasa nije kwa Lindqvist, mdakaji.
Miaka thelathini na minane.
Magoti yake nayasikia kutoka safu ya ishirini na sita.
Akienda kupiga mara kumi, huupata mpira mara mbili,
na moja ya hizo mbili ni upepo.
Mwezi wa tano niliandika kwenye boksi la karanga:
MUUZENI LINDQVIST.
Odell akaongeza chini yake: AU MGAWENI BURE.

Lakini Jumapili, mchezo wa mwisho, manyunyu,
watu elfu tatu labda, na shakwe wakituzidi,
mkamtoa mmoja wa wale watatu wa Cabrales,
Wendell Stroud, mtoto wa Nebraska,
masikio yamemtoka nje ya kofia.
Akarusha mipira kumi na miwili, yote pembeni.
Vituo vyote vikajaa, gongo halijagusa kitu.
Odell akaanza kuzomea. Nami pia, sitasema uongo.

Lindqvist akasimama. Ilimchukua muda.
Akainua barakoa, akatembea hadi kwenye kichuguu,
akaziba mdomo kwa glavu,
akasema jambo, refu kiasi cha sala ya kula.
Kijana akacheka.
Nilikuwa upande mzuri wa nguzo, niliyaona meno.

Kisha akarusha.
Wa kwanza akapiga hewa, akarudi kukaa.
Wa pili vilevile.
Wa tatu akaupeleka juu, juu kabisa, ukashuka na mvua
ndani ya glavu ya Brannigan,
ambaye hakulazimika kuinama.

Tulifungwa hata hivyo, nane kwa moja.
Ubao, kwa huruma yake, ukasema tatu.

Msimamo wangu ni uleule.
Tafuteni mrushaji asiyekumbuka jiko.
Mpigieni simu Cabrales, mumwombe radhi.
Badilisheni zile taa.
Na Lindqvist muuzeni, magoti ni magoti.
Ila kabla hajafungasha,
mtu amuulize alimwambia nini yule mtoto,
maana boila yangu ina miaka hamsini,
Januari inakuja,
na kuna asubuhi huwa sijui niiambie nini.